Kadi Zilizogeuzwa Lebo

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Habari iliyo mpya kuliko zote ni ya jana saa nne asubuhi, na aliyeitoa ni mkuu wa kitengo chetu mwenyewe, amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Tarehe 18 Juni programu yetu itapimwa kwa maswali mia tatu ya mafundi wa hospitali. Ikijibu sawasawa mia mbili, kazi inaendelea. Ikijibu mia moja tisini na tisa, timu inavunjwa. Tulipojipima wiki iliyopita ilijibu mia moja na kumi na mbili.

Sasa salamu, kabla hujasema mjini nimesahau adabu. Mama hajambo, goti limetulia tangu aache kushindana na ngazi. Mwanangu ameota meno mawili na yote ameyajaribu kwenye kidole changu. Baba yake anakusalimu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huipokei, na barua pepe unasema haina rafu ya kukaa.

Programu yenyewe ni hivi. Fundi yuko hospitali ya mbali, jenereta limegoma, mwongozo wa mashine una kurasa mia nane. Anaandika swali kwenye simu, programu inamfungulia ukurasa anaouhitaji. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini fundi akiandika "jenereta linakohoa", programu inamwambia hakuna kitu, kwa sababu mwongozo unasema "hewa ndani ya mirija ya mafuta". Kukohoa haukutaji.

Nikaanza kusoma tafiti, nione wengine walifanyaje. Utafiti wa mwaka juzi uliutaja wa miaka tisa nyuma, huo ukamtaja mhadhiri mmoja wa ng'ambo, na mhadhiri yule, kwenye ukurasa wa marejeo, namba kumi na saba, akakutaja wewe. Ripoti ya kurasa arobaini, iliyoandikwa na mkutubi wa chuo cha ufundi. Nilisoma jina mara tatu. Nikampigia Mama. Akasema, "Kaka yangu? Yule anapanga vitabu tu."

Mjomba, mbona hukutuambia? Na zile kadi 6,214 zinazotajwa kwenye ripoti, za maneno ya mafundi kama walivyoyasema, ziko wapi? Nazihitaji kama pumzi.

Mpwa wako

1 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako ilifika tarehe 11 Februari. Kuchelewa kujibu ni kwangu, posta haina kosa. Mkazamjomba wako mzima, anapanda vitunguu na hataki ushauri. Mimi nilistaafu tarehe 31 Desemba. Walinipa saa ya ukutani, jambo la ajabu kumpa mtu ambaye hatakiwi tena kuwahi popote. Mwanangu wa mwisho, mdogo wako, amepata kazi ya kupima ardhi. Mpe mwanao pole ya meno, na wewe pole ya kidole.

Umeuliza mbona sikuwaambia. Hamkuuliza. Nyumbani kwenu mlikuwa mkiniita Mfuta Vumbi, na vumbi kweli nilikuwa nafuta.

Jambo lilianza hivi. Fundi mmoja wa maji alikuja mezani kwangu akataka "kitabu cha pampu inayokunywa lakini haitapiki". Nikafungua katalogi, nikatafuta, nikamwambia hatuna. Akashukuru, akaondoka. Wiki mbili baadaye nilikuwa napanga rafu ya tatu, hatua nne kutoka mezani, nikafungua kitabu kilichoandikwa "Kasoro za Vali za Kutolea". Kilikuwa ni hicho hicho. Zahanati aliyotoka ilikaa siku kumi na moja bila maji. Sikumkosea adabu yule fundi. Nilifuata katalogi, na katalogi ilikuwa imeandikwa na watu ambao hawajawahi kushika pampu.

Kuanzia siku hiyo kila swali lililokosa jibu nililiandika kwenye kadi. Juu, maneno ya msomaji, bila kugusa hata herufi. Katikati, maneno ya katalogi. Chini, kitabu kilichopatikana mwishowe. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja. Nilipohesabu nikakuta katika kila watu kumi tuliowaambia "hakuna", saba kitabu chao kilikuwepo. Nikaandika ripoti, nikatuma nakala kwenye maktaba tano. Hakuna aliyejibu. Kumbe ilikuwa inatembea bila kuniaga.

Nakupa neno moja la kazi: andika swali kabla hujalisahihisha. Ukishalisahihisha limekuwa lako, si la aliyeuliza.

Nakushukuru kwa kusoma ukurasa wa marejeo. Watu wengi hufunga kitabu kabla ya kufika hapo.

Umeuliza pia kuhusu kadi. Mvua imenyesha sana huku.

Mjomba wako

18 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mvua nimeisoma. Kadi sikuziona.

Wote wazima. Mwanangu sasa anatambaa, na nyaya zote za nyumba nimezipandisha juu kama nguo za kuanika. Mama anakusalimu, ana maneno yake, nitayafikia.

Kwanza lile neno lako la kazi. Nililisoma kwa sauti kwenye kikao cha timu. Tuko wanne: mimi, wahandisi wawili, na mhariri wa lugha, mama mmoja nadhifu ambaye hata orodha ya sokoni anaiwekea nukta. Nilipomaliza, mhariri akasema, "Basi ni mimi." Kumbe kila swali la fundi lililoingia alikuwa analisafisha kwanza. "Friji limechoka" anaandika "jokofu halipoozi ipasavyo". "Mashine inanikata jicho" anaandika "mwanga wa kifaa ni mkali mno". Miezi minane! Tumeifundisha programu kuwaelewa watu ambao hawapo.

Mhandisi mwenzangu mmoja akamtania: "Dada, umewapeleka mafundi wote chuo kikuu bila ada." Yeye mwenyewe akacheka, akavua miwani, akaenda kuchimbua maswali ya asili. Bahati tulikuwa tumeyahifadhi. Tumeyarudisha kama yalivyokuwa na kujipima upya: mia moja arobaini na moja. Ishirini na tisa zaidi, kwa sentensi yako moja. Mkuu alipoona namba akauliza tumenunua kifaa gani kipya. Nikamwambia tumenunua stempu.

Kwa hiyo asante, na nasema hivyo nikiwa nimekaa wima.

Lakini mia moja arobaini na moja si mia mbili, na miezi imebaki mitatu. Bila kadi hatufiki. Maswali yetu ni ya mwaka mmoja, yako ni ya miaka kumi na moja, tena kila moja limeshapatiwa jibu lake.

Sasa maneno ya Mama. Anasema mkazamjomba amemwambia kwamba tangu katikati ya Februari unatoka nyumbani saa moja asubuhi, kila siku, na begi, na ndani ya begi kuna birika la umeme na mkasi. Mstaafu gani anaondoka na birika? Mama ameshahitimisha: "Kaka yangu amefungua mgahawa kwa siri."

Kadi zipo au hazipo? Neno moja tu linatosha.

Mpwa wako

20 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Zipo, na hazipo. Ndiyo maana neno moja halikutosha, na ndiyo maana nimekaa kimya mwezi mzima. Sikutaka kukuletea habari mikono mitupu.

Mkazamjomba wako hajambo. Vitunguu vimekubali.

Miaka miwili iliyopita chuo kilitaka chumba. Maktaba yetu ikijaa kuna kanuni: kisichoazimwa miaka kumi kinatoka. Kanuni ile niliiandika mimi mwenyewe, na nimeitumia kwa vitabu vya watu wengine bila kusita. Walimu walinijia wakinilalamikia, nikawaambia kanuni haina shemeji. Basi nilipofika kwenye ripoti yangu nikaangalia tarehe ya mwisho ya kuazimwa. Palikuwa patupu. Haijawahi kuazimwa hata siku moja. Nikaipiga muhuri wa kutolewa. Makabati ya kadi nayo hayakuwahi kufunguliwa na mtu mwingine. Nikayapiga muhuri. Mkuki kwa nguruwe. Wangesema nini wale walimu kama ningeacha cha kwangu?

Ripoti ilikwenda kusagwa pamoja na magazeti. Makabati yalikwenda karakana ya useremala. Kadi zenyewe zilikuwa safi upande wa nyuma, na mtunza stoo wa karakana ya umeme aliziomba.

Ulipoandika, nilimfuata.

"Kadi zipi, Mzee?"

"Zile nilizokupa mwaka juzi."

"Zile ulizosema takataka?"

"Hizo hizo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, takataka zako ndizo zinazoiongoza stoo hii. Njoo uone."

Nikaingia. Rafu kumi na nne, kutoka sakafuni hadi darini, visanduku maelfu, na kila kisanduku kina kadi yangu, imegeuzwa: SKRUBU NUSU INCHI. NATI NANE. FYUZI NDOGO. Maswali yangu yameangalia ndani, kwenye chuma. Mengine amechomeka tu, mengine amepaka gundi. Nikamwambia nazitaka. Akaacha kucheka.

"Unichukulie lebo zote? Mafundi watanila mzima. Kabla ya hizi, mtu alikuwa anatafuta fyuzi asubuhi anaipata jioni."

Tukakubaliana sharti lake: lebo moja ikitoka, nyingine iingie papo hapo, kwa mwandiko unaosomeka. Hataki hata kisanduku kimoja kibaki bubu. Kwa hiyo birika ni la mvuke, wa kulainishia gundi. Mkasi ni wa kukatia lebo mpya. Mwambie dada yangu hakuna mgahawa, ingawa mtunza stoo kila siku saa nne anadai chai kwa kuwa birika lipo.

Nimetoa kadi 1,870. Nimezifunga kwa mafungu ya mia, kila moja ina namba, na zinakuja kwa basi la leo. Ikipotea moja njiani nitajua ni ipi. Zote sitazipata. Zaidi ya elfu moja na mia tano zilitumika kuwashia tanuri la wahunzi.

Ilinichukua wiki kadhaa kukuandikia haya. Mtu aliyefanya kazi ya kutunza miaka thelathini na nne hapendi kusema kwamba alichotupa ni cha kwake.

Mjomba wako

6 Mei

Mjomba, shikamoo mara mia.

Mafungu yote kumi na tisa yamefika, hakuna kadi iliyopotea. Mama amepona goti, amepata ugonjwa wa kucheka. Amesimulia habari ya birika mtaa mzima. Mwanangu amesimama peke yake kwa muda wa kuhesabu hadi nne, akakaa kwa kishindo, akashangaa.

Kuhusu ulichokitupa sina lawama hata chembe. Nani kati yetu aliwahi kuiazima ile ripoti? Mimi nilikaa kwenu likizo tano nikisoma hadithi kwenye sakafu ya maktaba yako, na jina la Mfuta Vumbi ni mimi niliyelianzisha, nikiwa darasa la tano. Nilidhani nachekesha. Nisamehe.

Tulizigawana kadi wanne, tukaziingiza kwa wiki mbili. Mhariri wetu naye alinakili sehemu yake, na safari hii hakugusa kitu. Kuna wakati nilimsikia ananong'ona, "Naomba niweke nukta moja tu," halafu akaendelea bila kuiweka. Kazi ilikuwa inasimama kila baada ya dakika kumi kwa sababu mtu anasoma kwa sauti. "Kitabu cha taa inayokonyeza bila kukonyezwa." "Mashine ya kufulia inayotembea hadi mlangoni." Mhandisi wetu mkimya, ambaye hajawahi kucheka tangu aajiriwe, alicheka hiyo ya pili.

Namba ya jana: mia moja sabini na sita.

Nimemwandikia yule mhadhiri wa ng'ambo. Yu hai, amestaafu kama wewe. Alikuwa na nakala ya ripoti yako, amenitumia kurasa zote. Nimezichapisha, zimo kwenye bahasha hii. Anasema alichojifunza kwako ni kimoja: swali lililokosa jibu halipaswi kutupwa, maana ndilo linaloonyesha mahali katalogi ilipo na ufa. Juu ya hilo alijenga njia yake, na juu ya njia yake watu wa kompyuta walijenga nusu ya wanachokiita kipya. Mimi ni mmoja wao. Nimekuja kujifunza kwako kwa kuzunguka dunia nzima, na wewe uko umbali wa basi moja.

Jambo moja la kuuliza. Kila kadi uliyotuma imekatwa pembe ya juu kulia, kwa mkasi, sawasawa kabisa. Mkuu anataka kujua palikuwa na nini. Anasema kama ni taarifa, tunaihitaji.

Mpwa wako mwenye shukrani

25 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima. Ripoti imefika. Nimeisoma yote, nikakuta kosa la kujumlisha kwenye ukurasa wa ishirini na mbili, nimelisahihisha kwa penseli. Nimempa mkutubi mpya wa chuo, binti mwangalifu sana. Ameiingiza kwenye orodha siku ile ile. Aliniuliza aiorodheshe chini ya maneno gani, nikashindwa kujibu, tukacheka. Kuiona ina namba ya rafu tena nilishukuru kuliko nilivyotegemea.

Kuhusu pembe: palikuwa na jina la aliyeuliza.

Mwambie mkuu wako hataipata. Kazi yetu ina jambo moja ambalo hatulijadili: alichosoma mtu ni siri ya mtu huyo. Fundi mwenye vyeti vitatu alikuja kuniuliza waya upi ni upi, akiwa ametazama nyuma yake kwanza. Mwingine alifungua mashine ya kutakasa vyombo vya upasuaji akasahau boliti moja inarudi wapi, akaja mbio kabla bosi wake hajarudi. Waliniuliza mimi. Hawakuiuliza kampuni yako. Lau kama wangejua jina lao litasafiri, wasingeuliza, na zahanati ingekaa siku kumi na moja nyingine.

Nawe nikuulize. Fundi akitaka kuuliza kwenye programu yenu, mnamdai nini kwanza?

Naambatanisha kadi 2,036 za mwisho. Jumla zilizopatikana ni 3,906. Mtunza stoo amenipa mkono na kusema lebo zangu mpya zinasomeka vizuri kuliko za kwanza. Jana alisahau chai, nikajua tumemaliza.

Mjomba wako

19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mia mbili na kumi na tisa kati ya mia tatu. Mkuu aliyasoma matokeo jana saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa sauti yake ya kawaida ya kusomea ratiba, kisha akarudia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia. Kazi inaendelea. Timu ipo.

Mhariri wetu alilia kidogo, kwa usafi, akakunja kitambaa.

Sasa jibu la swali lako, maana ndilo lililotuvusha. Tulikuwa tunamdai fundi jina, namba ya kazi na hospitali yake kabla hajaandika lolote, na nakala ilikwenda kwa msimamizi wake. Niliposoma barua yako nilifungua maswali yetu nikayatazama upya. Yalikuwa mafupi, yenye woga: "Jenereta, matengenezo." "Friji, maelezo." Hilo si swali, ni mtu anayejikinga. Programu ingemjibu nini?

Nilimpelekea mkuu barua yako yenyewe. Tulibishana siku mbili. Alisema, "Bila jina tutajuaje nani hajui kazi?" Nikamwambia, "Kwa hilo hatujaajiriwa. Tumeajiriwa mashine ziwake." Akauliza, "Huyo mjomba wako ni mtu wa kompyuta?" Nikasema ni mkutubi. Akasema, "Toa majina."

Tarehe 3 Juni tukayatoa, na kadi zako za mwisho tukaziingiza. Kufikia tarehe 5 fundi mmoja, sijui nani wala wapi, aliandika: "Nimefungua mashine ya oksijeni, imebaki springi moja mkononi, mgonjwa anasubiri, springi hii ni ya wapi." Programu ikampa ukurasa. Baada ya dakika tisa akaandika, "Imewaka." Ni hilo tu. Nililichapisha, liko juu ya meza yangu.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya programu tumeandika jina lako, na chini yake kazi yako: mkutubi, mtafiti. Mkuu alitaka kuandika "mshauri", nikakataa.

Mama anasema nikuandikie neno kwa neno: "Kaka, nilikuwa sijui. Sasa najua. Asante kwa kumbeba mwanangu." Baba wa mtoto anakusalimu, na mtoto anatembea.

Mpwa wako

27 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha mkazamjomba wako aliinyang'anya akaisoma yeye. Mwambie dada yangu salamu zimefika zote, na kwamba nimempa jibu kwa simu. Ndiyo, niliipokea.

Fundi wa springi sitaki kujua ni nani. Nashukuru imewaka.

Nimetoa mia mbili na kumi na tisa katika mia tatu. Yamebaki maswali themanini na moja, na barua yako haikuyataja hata kwa bahati mbaya. Naelewa, siku ya furaha haina nafasi ya hayo. Usiyafute, na usimruhusu mhariri wenu ayaguse. Yanakiliwe kama yalivyo, bila majina, yatumwe kwa basi la Ijumaa tarehe 3 Julai.

Mkutubi mpya amenipa kiti na nusu ya meza. Tunaanza kuyatafutia majibu Jumatatu tarehe 6, saa mbili na nusu asubuhi.

Mjomba wako